Wazimu Uliotungwa Mezani



Nianzie mbali kidogo, Marekani. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, aliwatangazia madaktari wenzake kwamba amegundua ugonjwa mpya wa akili. Aliupa jina la Kigiriki, drapetomania. Uliwapata watumwa weusi peke yao, na dalili yake kuu ilikuwa moja tu: mgonjwa hutoroka. Tiba yake ilikuwa kumtunza mtumwa kama mtoto mdogo, na akizidi ukaidi, mjeledi. Cartwright hakuwa tapeli wa sokoni. Alisomea udaktari, maandishi yake yalichapishwa katika jarida la utabibu, na waliomsoma walikuwa watu wazima wenye akili timamu. Swali alilolikwepa ni lile ambalo mtoto angeliuliza: kwa nini mtumwa asitoroke?

Naona wengine mnacheka. Chekeni, lakini mkumbuke kwamba sisi wa mashariki ya Mlima Kenya tumewahi kuandikiwa ugonjwa wa namna hiyo hiyo, kwa kalamu ya daktari na kwa mtambo wa mpiga chapa wa serikali, na baadhi ya wazee walioketi hapa mbele walikuwa tayari wamezaliwa. Tena daktari huyo ndiye aliyeandika vilevile kuhusu miraa na wazimu. Mambo mawili, daktari mmoja. La kwanza alilitunga. La pili aliliona nusu. Jioni ya leo nataka kuyatenganisha hayo mawili, kwa sababu naona siku hizi tumeyachanganya, na wanaoumia ni vijana wetu.

Daktari mwenyewe aliitwa John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akasomea udaktari Uingereza, akaja Kenya mwaka 1929 kuwa daktari wa serikali. Mwaka 1938 alikabidhiwa Hospitali ya Mathari kule Nairobi, ile iliyoanza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa yakitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Magonjwa ya akili hakuwa ameyasomea. Aliyajifunza kazini, huku akisimamia hospitali nzima, na kwa hilo simlaumu. Madaktari wengi wa koloni walifanya kazi tatu kwa mshahara mmoja. Ninachomlaumu ni haraka yake ya kutoka kwenye vitanda vya Mathari hadi kwenye bara zima.

Carothers alihesabu Waafrika waliolazwa Mathari katika miaka ya vita vya pili vya dunia, akawagawa kwa magonjwa yao. Akaona walioshikwa na huzuni ile nzito inayomlaza mtu chini, asile wala asinene, ni wachache mno. Akahitimisha kwamba Mwafrika ni nadra kuugua huzuni, kwa kuwa hajifikirii kwa undani na hajibebeshi lawama. Sasa jiulizeni: nani alifikishwa Mathari miaka ile? Aliyevunja madirisha ya mwajiri. Aliyemtupia chifu mawe. Aliyekutwa uchi njiani na askari. Mama wa Runyenjes aliyefiwa na watoto wawili, akakaa jikoni miezi sita bila kuzungumza, nani angempandisha lori hadi Nairobi? Huyo hakuhesabiwa, na kwa kuwa hakuhesabiwa ikasemwa kwamba hayupo.

Mwaka 1951 alikwenda mbali zaidi. Aliandika makala akilinganisha fikra za Mwafrika mzima na za Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Miaka miwili baadaye, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika uzima na ugonjwa. Kikasomwa duniani kote. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria wakati wa vita vya uhuru vya nchi hiyo, alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, kukabiliana na uasi wa Mau Mau. Serikali ilikuwa na askari, mabomu na vizuizi, ila ilikosa maelezo. Ingesema vita ni vya ardhi, ingebidi izungumze kuhusu ardhi. Ikamwita Carothers, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kurudi Uingereza. Ripoti yake, kitabu chembamba kilichotolewa Nairobi mwaka 1954, ilieleza saikolojia ya Mau Mau. Hoja yake kwa ufupi ni hii: Mkikuyu, pamoja na majirani zake, ameachana na mila zake kabla hajaushika ustaarabu wa Kizungu, akabaki katikati akiwa na wasiwasi, usiri na kinyongo, watu wenye hila wakautumia wasiwasi huo, wakamfunga kwa viapo. Madai ya mashamba yaliyotwaliwa yakasukumwa pembeni.

Ndivyo uasi unavyogeuzwa kuwa ugonjwa. Aliyenyang'anywa shamba ana dai, na dai linahitaji majibu. Mgonjwa ana dalili, na dalili inahitaji matibabu.

Na matibabu yakaja. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, Nairobi ilizingirwa na watu wakachambuliwa kwa kabila: Mkikuyu, Mwembu na Mmeru upande huu, wengine upande ule. Makabila yetu matatu yalikuwa yamefungwa katika kanuni za hali ya hatari kama kundi moja. Hakuna aliyeulizwa kama ameona au amesikia jambo lisilokuwepo. Kilichotakiwa ni kabila. Katika kambi za kizuizini wafungwa waligawanywa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kulingana na kiasi cha kiapo kilichodhaniwa kubaki ndani yao. Walitakiwa wakiri, wakitoe kiapo kama mtu anavyotapika sumu. Vijijini, zaidi ya watu milioni moja wa Ukikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu wakafungiwa katika vijiji zaidi ya 800, na Carothers katika ripoti yake aliuunga mkono mpango wa vijiji, kama jambo litakalotuliza nafsi za watu. Kambi za Mwea, ambazo wakati ule zilikuwa katika wilaya ya Embu, ziliingiza mwaka 1957 mbinu ya kuwachukua wafungwa wagumu wachache wachache, kuwachanganya na waliokwisha kusalimu amri, na kuwapiga hadi walegee. Mbinu hiyo ndiyo iliyofikia kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wakauawa kwa kipigo. Maelezo ya kwanza ya maafisa yalikuwa kwamba walikufa baada ya kunywa maji.

Hebu tusimame hapo. Mada niliyopewa ni maradhi yanayopotosha hisia na kumwonyesha mtu dunia isiyokuwepo. Katika vita vyote vile walowezi Wazungu waliouawa walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa amri ya mahakama walizidi 1,000, na waliouawa msituni na vijijini ni maelfu kwa maelfu. Hata hivyo, kwa mlowezi, kila mpishi alikuwa na panga chini ya godoro, na kila mkusanyiko wa watu usiku ulikuwa kiapo. Afisa alitazama maiti 11 zenye majeraha akaona maji. Ikiwa tunatafuta watu waliopotewa na uhalisia katika Kenya ya miaka ya 1950, mimi nisingeanzia msituni kwa Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau. Mwariama alijua vizuri alichokitaka, akabaki porini Meru hadi wakati wa uhuru, ndipo akatoka. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza bungeni masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa. Hakuna hata mmoja aliyelipwa kwa sababu ya kuitwa mwendawazimu. Sehemu hiyo ya deni haikuorodheshwa.

Nakuja kwenye miraa. Vijana naona mmekaa sawa.

Mwaka 1945 Carothers huyo huyo alichapisha katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki makala kuhusu miraa kama chanzo cha wazimu. Wakati huo serikali ya koloni ilikuwa ikihangaika na miraa iliyotoka milima ya Nyambene kwenda Isiolo na wilaya za kaskazini. Maafisa walilalamika kwamba wanaume wanamaliza fedha na mifugo kwa kutafuna. Zikatungwa sheria mwaka 1945 na tena 1951, za vibali na marufuku, na zote zikashindwa. Mmeru aliendelea kulipanda zao la babu zake, mzee aliendelea kupelekewa kifurushi cha heshima posa ilipopelekwa, na lori liliendelea kupita usiku.

Sasa, baada ya hayo niliyoyasema, rahisi kwangu ingekuwa kuiweka makala ile kwenye debe moja la takataka na ripoti ya Mau Mau. Sitafanya hivyo. Kuhusu miraa Carothers alikuwa amewaona wagonjwa. Watu waliletwa Mathari wakiwa wametafuna kupita kiasi, wakisikia sauti, wakishuku kila mtu. Hilo lipo. Mwenye kaka, mwana au mume aliyelipitia hahitaji daktari wa mkoloni kumthibitishia.

Jani lenyewe linaeleweka vizuri siku hizi. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitambua kemikali kuu ya jani bichi, kathinoni, ambayo kwa umbo ni ndugu wa amfetamini. Inausukuma ubongo umwage kwa wingi dopamini, ile inayomfanya mtu aone jambo lina uzito na linamhusu. Jani likinyauka, kathinoni inageuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu zaidi, na kwa muda wa siku mbili hivi nguvu nyingi imekwisha. Ndiyo maana shurba, yaani kifungu cha miraa, hufungwa kwa majani ya mgomba, ndiyo maana pikapu za Maua na Kangeta zinaelekea Nairobi kana kwamba zimeiba, na ndiyo maana mnunuzi wa mjini anauliza kwanza imechumwa lini. Muguka wa Mbeere ni mmea ule ule, ila huuzwa majani na vikonyo laini kwenye mfuko, kwa bei ambayo utingo wa matatu anaimudu, akaongezea njugu au chingamu ya Big-G kuondoa uchungu.

Saa ya kwanza na ya pili ni raha. Mtu anachangamka, maneno yanatoka, mipango ya biashara inakamilika hapo hapo barazani. Hiyo ndiyo handas, na mwenye handas za kawaida si mgonjwa. Anaweza kushika jambo moja asiliache. Mnajua mzaha wa yule aliyepiga kiatu kimoja rangi mpaka kukapambazuka, cha pili akakisahau. Mimi binafsi sitafuni, meno yangu yalikwisha kustaafu, lakini nimekaa na watafunaji vya kutosha kujua kwamba mazungumzo yao mara nyingi yana akili kuliko ya baa.

Shida inaanza pale usingizi unapokataa. Anatafuna tena ili asichoke, anakunywa pombe ili alale, akiamka kichwa kizito anatafuna ili achangamke. Siku ya pili, ya tatu, hajalala. Ubongo usiolala huanza kuota ukiwa macho. Hilo humpata hata mlinzi au mwanafunzi asiyejua miraa ina ladha gani. Ukiongeza kathinoni juu yake, ile dopamini inayokipa kila kitu uzito inaugawa uzito huo ovyo. Gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara limekuja kumpeleleza. Jirani aliyekohoa amempa mwenzake ishara. Dereva wa usiku anafunga breki kumkwepa ng'ombe ambaye utingo wake hamwoni. Jina lake linaitwa kutoka kwenye migomba, naye anaitika. Kwake yeye hayo hayafanani na kweli: ndiyo kweli yenyewe. Ukimbishia unakuwa mmoja wa wanaomfuatilia.

Wengi wa hawa, wakiacha kutafuna na kulala, hutulia ndani ya siku chache hadi wiki mbili, na dawa za kutuliza husaidia. Wengine hawatulii. Hao huenda walikuwa na ugonjwa wa akili uliokuwa ukianza kabla, na wapo pia wanaotafuna zaidi kwa sababu sauti zimekwisha kuanza na wanatafuta cha kuwafanya wajisikie watu tena. Kuyatenganisha makundi haya mawili kunahitaji muda, na kunahitaji kuuliza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa nyumba kwa nyumba katika eneo letu hili la wakulima wa miraa na kuwafikia watu 831, ulikuta zaidi ya theluthi moja wanatafuna, na kwamba kuona au kusikia yasiyokuwepo kuliripotiwa zaidi na wanaotafuna kuliko wasiotafuna. Angalieni maneno hayo. Hayasemi kila mtafunaji ni kichaa, na hayasemi hakuna kitu. Watafunaji wengi mno huzeeka wakiwa na akili zao zote.

Kwa nini basi mazungumzo yetu hayafiki hapo? Kwa sababu tunayaanzia kwenye zao na kabila. Uingereza ilipopiga marufuku miraa tarehe 24 Juni 2014, baraza lake lenyewe la washauri wa mambo ya dawa za kulevya lilikuwa limeshauri mwaka uliotangulia kwamba isipigwe marufuku. Halafu Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, akakataza muguka kuingia na kuuzwa katika kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Sababu waliyoitoa ilikuwa vijana wa Pwani wanaharibika akili. Huku kwetu kukawaka moto. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo, Rais akasema hayana nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria, na wengi tukashangilia.

Niliwasikiliza wanasiasa wa pande zote mbili. Wa Pwani walizungumza kana kwamba kila mfuko wa muguka una kichaa ndani yake. Wetu wakajibu kwamba ni zao tu kama kahawa na chai, na kwamba wanaolisema vibaya wanachukia jasho la Mmbeere. Mimi nadhani mahakama ilifanya sawa, kwa maana gavana hawezi kujifungia soko la nchi kwa waraka. Lakini jibu la viongozi wetu lilinikera kuliko marufuku yenyewe. Mkulima wa Kiritiri anajua vizuri ni kijana gani wa jirani anazungumza na ukuta. Mfanyabiashara wa Maua anajua ni nani kati ya wapakiaji wake hajalala tangu Jumapili. Kukanusha mbele ya kamera kile ambacho kila mama kijijini anakijua ni kupotosha uhalisia kwa makusudi, bila hata shurba moja ya kujitetea nayo.

Naelewa inatoka wapi. Watu waliowahi kuitwa wagonjwa kwa kabila lao hujifunza kukataa kila neno la ugonjwa. Kwa jinsi hiyo Carothers angali anatutawala: alitubandikia wazimu usiokuwa wetu, nasi kwa hasira tunaukana hata ule ulio ndani ya nyumba zetu. Tofauti inaonekana kwa jicho la kawaida. Ugonjwa wa kweli humpata mtu mmoja mwenye jina, kwa wakati fulani, na ukimtazama kwa makini utaona ulipoanzia na kinachouzidisha. Ukisikia ugonjwa umelipata kabila, rika au kaunti nzima, na dalili yake ni kufanya jambo ambalo mwenye mamlaka halitaki, basi uliza nani anafaidika.

Nimalizie kwa maombi, kwa kuwa naona wawakilishi wa wadi wamekuja na saa imekwenda.

Kwenu wazazi: mwanao akianza kusema anafuatwa, msimfunge kamba, msimpeleke kituo cha polisi, na msianzie kwa mganga au kwenye maombi ya siku saba bila chakula. Mlazeni. Muulizeni kwa upole mara ya mwisho alilala lini, anatafuna kiasi gani, anachanganya na pombe ipi, na sauti zilianza kabla ya kutafuna au baada. Yaandikeni majibu, mwende nayo hospitali ya rufaa ya Embu au ya Meru, na mumwambie daktari wazi kwamba ni miraa, ni muguka. Kumficha daktari kwa kulinda jina la zao ni kumtupa mtoto.

Na kwenu waheshimiwa wa mabunge ya kaunti: kila siku magari ya miraa na muguka yanalipa ushuru barabarani, na risiti zipo. Katika bajeti ijayo tengeni sehemu ya fedha hizo, kwa kifungu chenye jina lake, kwa ajili ya muuguzi wa afya ya akili na dawa zake katika kila kituo cha afya kinachohudumia wakulima, kuanzia Maua na Kiritiri. Zao limewasomesha wengi wenu mliomo humu. Lina uwezo wa kuwatibu wachache linaowaumiza.